Sauti ya Mwanamke Kwenye Kengele

Mwanamke. Neno hilo ndilo lililomkwama Éliézer kooni tulipomwacha wiki iliyopita, simu sikioni, chai ikipoa mbele yake, nyumbani kwa mama yake, ghorofa ya tatu, mtaa wa Saint-Gilles, Brussels.

"Rudia," alimwambia mkurugenzi wa timu yake.

"Wakaguzi walikuja jana asubuhi, ndani ya saa yako. Walibonyeza kengele yenye jina lenu. Mwanamke akajibu: 'Hayuko. Hatumjui mtu huyo.' Wakasubiri barabarani mpaka saa ikaisha. Wakakupigia, simu ikazimwa. Éliézer, hii ni alama ya tatu."

"Nilikuwa ndani! Nilikuwa nimelala!"

"Mimi nakuamini. Ila si mimi wa kuaminishwa."

Simu ikakatika.

Haya. Wewe uliyeazima gazeti hili kwa jirani leo, nikupe kwa kifupi, maana sina nafasi ya kuchezea. Éliézer Cirhuza ni Mfaransa, mzaliwa wa Grenoble, mtoto wa mkimbizi kutoka Bukavu. Anaendesha baiskeli za mashindano, tena kwa mshahara, na barabara ikianza kupanda mlima, wanaobaki naye unaweza kuwahesabu kwa vidole. Magazeti ya kwao yamempa jina la Mbuzi. Mama yake halipendi jina hilo hata kidogo. Akishinda wanaandika "Mfaransa wetu". Akianguka wanakumbuka ghafla kwamba mama ni Mkongo.

Mbio ndogo ameshaziongoza na kuzishinda, lakini katika zile kubwa, kwa miaka mingi, alipanda milima kwa faida ya makapteni wengine. Anawavuta mpaka karibu na kilele, wao wanachomoka na kushinda, yeye anapigwa kofi la mgongoni na kuambiwa asante. Mwaka huu, akiwa na miaka thelathini na tatu na goti lenye mshono, kwa mara ya kwanza amepewa ukapteni wa Mbio Kuu. Na Mbio Kuu zinaanza kesho, hapa hapa Brussels.

Sasa sheria yenyewe. Mwendesha baiskeli wa kulipwa hana siri na kitanda chake. Lazima awaambie wakaguzi wa dawa kila siku analala wapi, na ataje saa moja ambayo watamkuta hapo wamchukue mkojo na damu. Wasipomkuta, alama. Zikifika tatu ndani ya mwaka, anafungiwa. Éliézer alikuwa nazo mbili: moja ndege ilimchelewesha, nyingine alihama akasahau kuandika anwani mpya. Ya tatu ni miaka miwili nje. Kwa umri ule na goti lile, miaka miwili ndiyo basi tena.

Tundu moja tu lilibaki. Kamati ya mbio inakaa leo alasiri. Akimleta huyo mwanamke aliyejibu kengele, pamoja na kitambulisho chake, aseme kwa kinywa chake kwamba alikosea na Éliézer alikuwa ndani, kesho anaanza mbio. Asipomleta, timu inatafuta kapteni mwingine.

Na ndani ya nyumba ile wanawake walikuwa wawili tu.

Éliézer akaingia jikoni. Mama yake, Maman Mathilde, alikuwa akikoroga sombe, yaani kisamvu. Mignonne, binti wa marehemu dada yake Maman, alikuwa akimenya ndizi karibu na dirisha.

"Maman, nani alijibu sonnette jana asubuhi?"

Mwiko ukasimama sufuriani.

"Sonnette gani?"

"Maman."

"Ah, ile ya jana? Ni miye."

"Weye? Jana asubuhi ulikuwa ku maombi, Anderlecht. Ulitoka giza ikiwa bado. Nilisikia viatu yako ikishuka ku escalier."

"Donc, basi, nilirudi mbio."

"Maman, usinidanganye! Bantu banataka kuniondoa mu kazi, na weye unanichezea!"

"Unipandishie sauti mu nyumba yangu? Weye?"

"Yaya Éli." Mignonne, anayemwita hivyo kama kaka mkubwa, alikuwa ameweka kisu chini. Macho yalikuwa sakafuni. "Muache Maman. Ni miye nilijibu."

Kabla hujamtukana binti huyu, msomaji wangu, nisikilize kwanza. Mignonne aliomba hifadhi akakataliwa. Alipewa amri ya kuondoka nchini, akaja kujificha kwa mama yake mdogo. Na nyumba za watu waliokimbia vita zina sheria zake. Kwa Maman Mathilde sheria ya kwanza ni hii: mtu mwenye kadi shingoni akibonyeza kengele, akataja jina la yeyote yule, jibu ni moja. Hayuko. Hatumjui. Sheria hiyo Maman aliianza Grenoble, kabla hajahamia Brussels, akiwa na mimba ya Éliézer, akisubiri makaratasi yake mwenyewe, na imewaokoa wengi waliopata kulala kwenye kochi lake. Hata Éliézer mwenyewe, akiwa mtoto wa kufikia kitasa, aliwahi kuwaambia watu wazima mlangoni kwamba mama hayuko, na mama amesimama nyuma ya mlango.

Lakini safari hii hapakuwa na udhuru. Éliézer alikuwa amewaonya.

"Niliwaambia," alisema. "Siku ile nilifika, hapa hapa ku meza. Nilisema bantu ya contrôle bakikuya asubuhi, mufungue. Nilisema ao sikusema?"

"Ulisema, yaya. Lakini Cédric alisema ingine."

"Cédric?"

"Dimanche, siku ya kanisa. Tulikuwa tunapangusa visahani. Aliniambia contrôle haitakuya tena hapa, eti sasa weye uko mu mikono ya course, bantu ya mbio, batakupima ku hotel na benzako. Halafu akasema, Mignonne, fanya angalisho. Polisi iko inazunguka Saint-Gilles asubuhi, inatafuta bantu bila papiers. Haibatafute na jina yabo. Inakuya na jina ya muntu mwenye papiers ya muzuri, juu mufungue mulango. Batasema banatafuta Éliézer."

Sombe ilikuwa inatokota peke yake.

"Na njo vile balikuya," Mignonne aliendelea, machozi sasa yakimtoka. "Bantu mbili, badge ku shingo, na mufuko. Monsieur Cirhuza, s'il vous plaît. Yaya, niliona ni polisi. Nikasema vile Maman alitufundisha."

"Na simu yangu?"

"Ilikuwa hapa ku charge. Ikaita numéro yenye sijue. Nikaizima. Pardon, yaya. Pardon."

"Apana!" Maman aligonga mwiko kwenye sufuria. "Cédric hapana. Ule ni mutoto yangu. Anakula hapa miaka munane. Hawezi!"

Ngoja nikueleze huyo Cédric ni nani, ili ujue kwa nini mama wa watu aligonga sufuria.

Kila kapteni wa baiskeli ana msaidizi. Msaidizi anambebea maji, anatangulia mbele kumkinga upepo, na tairi la kapteni likipasuka, msaidizi anashuka, anavua gurudumu lake, anampa, na yeye anabaki kando ya barabara. Ndiyo mila ya kazi yao, na haina mjadala. Cédric, Mfaransa wa Normandi mwenye nywele kama majani makavu, ndiye msaidizi wa Éliézer. Wamekuwa pamoja tangu wote wawili wakiwahudumia makapteni wengine. Goti liliposhonwa, Cédric alilala kwenye kiti cha hospitali. Krismasi haendi kwao, anakuja Saint-Gilles kula sombe. Anamwita Maman Mathilde "Maman", na baada ya kula anashika kitambaa na kupangusa sahani. Maman aliwahi kuwaambia wenzake kanisani kwamba Mungu alimnyima mtoto wa pili tumboni, akamletea mzungu.

Na kwa sababu walimpenda, hawakumficha habari za Mignonne.

Éliézer alivaa koti akatoka kwenda Flagey, uwanja ambako Cédric hunywa kahawa yake ya asubuhi.

Kwenye tramu 81, njia nzima mpaka Flagey, alikuwa akimtafutia rafiki yake udhuru. Labda Cédric naye alidanganywa. Labda aliwahurumia kweli, akachanganya mambo. Alikuwa tayari kuamini chochote, maskini, kasoro ukweli.

Uwanja wa Flagey ulikuwa umejaa soko. Watu na vikapu vyao, harufu ya kuku wa kuchoma na jibini. Cédric alikuwa amekaa kwenye meza ya nje ya mkahawa, amevaa jezi ya timu, baiskeli imeegemea kiti. Akainuka amkumbatie.

"Kapteni! Nikuagizie kahawa?" Wao wawili husema Kifaransa.

"Jumapili ulimwambia nini Mignonne?"

Nilidhani atageuka rangi. Wapi! Alikaa, akaweka sukari, akakoroga.

"Amekuambia," alisema. "Nilifikiri ataogopa."

Udhuru wote wa tramuni ukamwishia Éliézer palepale. Alivuta kiti akakaa.

"Kwa hiyo ni kweli."

"Kila mtu kwenye timu anajua wiki ya mwisho lazima wakaguzi waende kwa kapteni. Sikujua siku. Nilijua tu watakuja." Akanywa kidogo. "Miaka nane nakubebea maji, Éli. Ule mlima ulioshinda kwenye mvua ya mawe, gurudumu lilikuwa la nani? Langu. Nilibaki barabarani nimeshika baiskeli yenye mguu mmoja, natetemeka, nasikia redioni unashangiliwa. Mwezi uliopita mkurugenzi akaniambia, Éliézer akipatwa na lolote, kapteni ni wewe. Akipatwa na lolote! Nikasubiri upatwe. Hukupata hata mafua."

"Ungeniomba."

"Ungenipa?"

Éliézer aligeuza uso, akaitazama baiskeli iliyoegemea kiti.

"Unaona," Cédric alisema. "Nina miaka thelathini na nne. Mwakani hakuna timu itakayonichukua, hata ya kubeba maji."

"Mimi nilikuingiza kwa mama yangu. Ulikula na sisi. Ulipokuwa huna pa kwenda, mama yangu alikutandikia."

"Na nampenda mama yako. Hilo usilitie shaka."

Hapo ndipo damu ilipompanda. Éliézer alimkamata jezi kifuani, kikombe kikapinduka, kahawa ikamwagika mezani. Ngumi ilikuwa imeshakunjwa.

"Mbuzi!" sauti ilipasuka nyuma yao. "Jamani, ni Mbuzi mwenyewe! Na Cédric!"

Bibi mmoja wa Kibelgiji, kikapu cha vitunguu mkononi, simu ameshaitoa. Alikuwa anacheka kwa furaha kama amekutana na wanawe. Picha tu, picha moja, mume wake hataamini!

Wakafanya nini? Walisimama. Wakawekeana mikono mabegani, wakatabasamu. Nenda ukaitafute picha hiyo kwenye simu ya bibi yule: utasema ni mtu na ndugu yake. Na wakati bibi anahangaika na simu, Cédric akamnong'oneza mwenzake bila kufuta tabasamu.

"Mpeleke basi Mignonne kwenye kamati. Wataomba kitambulisho. Atatoa kipi?"

"Nyamaza."

"Ukinitaja mimi, nitakataa, na wao watamwita yeye athibitishe. Shahidi wako ni mtu asiyeruhusiwa kuwepo nchi hii. Fikiri vizuri, ndugu yangu."

Bibi akapiga picha, akawabusu wote wawili, akawatakia ushindi.

"Alasiri nitakuja kukaa karibu yako," Cédric alisema akipanda baiskeli yake. "Watu watashangaa nisipokuja."

Lo! Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu hakuwa nguoni tu, alikuwa anakula kwenye sahani moja nao.

Aliporudi Saint-Gilles alimkuta Mignonne ameshavaa koti na viatu, kitambaa kichwani kama mtu anayekwenda kanisani.

"Twende, yaya. Nitasema ni miye. Basi, banirudishe kama banataka."

"Haende popote!" Maman Mathilde alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameitandaza kutoka ukuta hadi ukuta. "Dada yangu alinishikia mukono akiwa anakufa. Nilimuambia nini? Éli, nilimuambia nini?"

"Utamulea kama wako."

"Donc?"

"Donc haende," Éliézer alisema. "Wala miye sikukuya kumuchukua."

Aliwaeleza yote ya Flagey. Maman alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo sikumbuki kuliona tangu hadithi hii ianze. Kisha akaketi.

"Ile sahani ya bulu," alisema taratibu. "Sahani ya marehemu baba yako. Sikuipatiaka muntu. Nilimupa ule mutoto juu nilisema, bon, huyu ni wetu." Akajifuta uso kwa kitenge. "Mungu ataniuliza nilikuwa naona nini."

Walipanga hivi. Maman atakwenda mwenyewe. Atasema alichelewa kutoka kwenda kwenye maombi, kengele ikalia, akaona kadi shingoni, akashikwa na woga wa zamani, akajibu kama alivyozoea. Kitambulisho anacho. Woga anao. Uongo wenyewe ni mdogo, na nani atakwenda kumuuliza Mungu kama Mathilde alifika mapema siku ile? Jina la Mignonne halitatajwa. La Cédric halitatajwa. Éliézer ataanza mbio, na hesabu ya Cédric atailipa milimani, mbele ya watu.

"Utaweza, Maman?"

"Nilipita barrière za basoda na bunduki yabo, na weye mu tumbo. Nishindwe na bazungu wa vélo?"

Kamati ilikuwa imekaa katika chumba cha hoteli zilikofikia timu zote. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya upole. Pembeni yake, mkaguzi mwanamke kijana, yule yule aliyebonyeza kengele. Na kwenye viti vya wageni, kama alivyoahidi, Cédric. Alimpisha Maman Mathilde akae kati yake na Éliézer. Alimvutia kiti. Maman alikaa bila kumtazama.

Mwenyekiti alikagua kitambulisho, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Mama, ni wewe uliyejibu kengele?"

"Ni mimi, Madame." Maman alisema kwa Kifaransa chake cha kanisani, kila neno limepigwa pasi. "Mimi nilikuwa mkimbizi. Mtu mwenye kadi akija mlangoni, akili yangu inatoka. Nilisema hayuko bila hata kufikiri. Nimemkosea mwanangu, nawaomba msamaha."

"Na mwanao alikuwa wapi?"

"Chumbani kwake. Alilala kama mtoto. Hata kuamka hakuamka."

Mwenyekiti alitikisa kichwa taratibu kukubali. Aliitazama karatasi, akamtazama Éliézer, na uso wake ukalainika. Alishachukua kalamu. Wallahi alishaichukua! Éliézer alishusha pumzi ambayo alikuwa ameishikilia tangu asubuhi.

"Samahani, Madame," mkaguzi kijana alisema. "Sauti haikuwa hii."

Kalamu ikasimama.

"Niliyemsikia alikuwa msichana. Sauti nyembamba, karibu ya kulia. Mama huyu sauti yake ni nzito. Sina sababu ya kudanganya, hata mimi napenda anavyopanda milima."

"Mama," mwenyekiti aliuliza, bado kwa upole. "Nani mwingine anaishi nyumbani kwako?"

Maman Mathilde alikunja upya ncha ya kitenge chake.

"Mama?"

Ndipo Cédric alipoinama, akaweka mkono wake juu ya mkono wa Maman, mbele ya kamati nzima, kama mtoto mwema.

"Maman," alisema, "usiogope. Sema tu ukweli. Ukishindwa, nitakusaidia mimi."

Chumba kizima kilimwona kijana mwenye huruma. Watu wawili tu, mama na mwana, walielewa alichosema: atamtaja Mignonne. Maman alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie. Kisha akauvuta mkono wake, akaupangusa kwenye kitenge.

"Hakuna mtu," alisema. "Naishi peke yangu."

"Basi nani alijibu?"

"Sijui. Nimewadanganya, Madame. Jana asubuhi nilikuwa kwenye maombi. Nyumba haikuwa na mtu. Labda walibonyeza kengele ya jirani."

Éliézer aligeuka. "Maman?"

"Haikuwa na mtu kabisa?" mwenyekiti aliuliza. "Na mwanao?"

Sasa unaona mwenyewe mtego ulipofungia. Kama Éliézer alikuwa ndani, lazima kuna msichana aliyejibu. Ili msichana asiwepo, nyumba lazima iwe tupu. Na ili nyumba iwe tupu, na Éliézer naye lazima atoke.

"Hakulala kwangu," Maman Mathilde alisema.

"Maman, unafanya nini?" Éliézer alisema kwa Kiswahili. "Maman, uniangalie!"

Hakumwangalia. Alijibu kwa Kiswahili pia, macho kwenye meza, na hakuna mwingine mle ndani aliyeelewa.

"Unisamehe, Éli. Weye uko na inchi. Yeye hana."

Nimeandika juu ya kijana huyu kwa wiki nyingi. Nimemwona akianguka kwenye mteremko, nimemwona akishonwa goti. Sijamwona hivi. Cédric alimchoma, sawa, alishajua kwamba binadamu ndivyo walivyo. Lakini huyu ni mama. Alikuwa amesimama kwenye vilele vyote akitazama kamera na kusema "asante Maman", na huyo Maman ndiye aliyekaa hapo, hatua moja kutoka kwake, amemuuza ili amkomboe mwingine. Na kibaya zaidi, alijua kwamba angekuwa yeye angefanya hivyo hivyo. Hilo halikupunguza uchungu hata punje.

"Monsieur Cirhuza," mwenyekiti alisema. "Anayosema mama yako ni kweli?"

Aseme hapana, mama ni mwongo mara mbili, na swali la msichana linarudi mezani. Aseme ndiyo, baiskeli kwaheri.

"Ni kweli," Éliézer alisema.

Maman alifunika uso. Cédric alimshika bega rafiki yake, akalibinya kwa huruma.

Ungedhani yameisha. Mimi mwenyewe ningeweka kalamu chini hapa. Lakini mwenyekiti alivua miwani, na upole wote ukaondoka nayo.

"Basi nasikitika. Hii si alama tena. Mwendesha baiskeli anayeandika nyumba asiyolala anajificha, na anayejificha ana kitu. Hilo halimo mikononi mwangu." Akamgeukia mtu aliyekuwa amekaa karibu na mlango muda wote, koti jeusi, ambaye Éliézer alimdhania mwandishi wa habari. "Polisi wa dawa za michezo wako hapa hotelini wiki nzima, na jaji yuko tayari kwenye simu. Nyumba uliyoiandika itapekuliwa sasa hivi. Kila chumba, kila kabati. Hakuna anayetoka humu wala anayegusa simu mpaka wamalize."

Maman Mathilde alisimama. "Nyumba yangu? Hapana! Madame, hapana, nilikosea, alikuwa ndani! Alilala kwangu!"

"Mama, tafadhali keti."

"Alilala kwangu! Naapa!"

Nani atamwamini sasa? Ameshasema mambo mawili, na la tatu halina mnunuzi. Ghorofa ya tatu, nyuma ya mlango ule, Mignonne alikuwa peke yake, koti bado mwilini, akisubiri wenzake warudi na habari njema. Na ndiye mtu pekee duniani anayeweza kusema Cédric alimwambia nini Jumapili ile. Akipandishwa ndege, maneno yale yanaondoka naye.

Mtu wa koti jeusi alinyoosha kiganja mbele ya Éliézer.

"Funguo."

"Sina," Éliézer alisema. Alikuwa nazo, mfuko wa kulia. "Nimeziacha, na za Maman pia."

"Tutavunja."

Wavunje! Éliézer aliomba wavunje. Mlango ule ni wa zamani, mbao nzito. Mignonne atasikia kishindo, kuna dirisha la jikoni, kuna paa la jirani, atapata hata dakika moja.

"Hakuna haja ya kumharibia mama mlango," Cédric alisema.

Alikuwa ameshasimama. Aliingiza mkono ndani ya koti lake, akatoa ufunguo uliofungwa kwa kipande cha kitenge, kitenge kile kile alichovaa Maman Mathilde siku hiyo, akamkabidhi polisi.

"Maman alinipa mwenyewe Krismasi," alisema. "Twendeni, nitawaonyesha ngazi."